Presha ya Mkwe Wangu

Nilipostaafu, wenzangu wa kliniki ya presha walinipa kanga, keki na kazi moja. Sista Neema, ambaye sasa ndiye anayekaa kwenye kiti changu, alisema, "Mama, miaka yote umetufundisha kwa mdomo. Sasa andika, tusije tukasahau." Basi nimeandika. Sitazungumzia vyeo, kwa sababu vyangu vilikuwa vichache na havikumponya mtu. Mshahara nao tuuache upumzike. Umefanya kazi ngumu. Nitaeleza kazi yenyewe, tangu siku ya kwanza, mpaka pale iliponishinda nikiwa naijua vizuri kuliko wakati wowote.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa zahanati ndogo upande wa Kigongo, enzi zile kila aliyetaka kwenda Busisi alisubiri kivuko. Nilifika na sare iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe. Nilikuwa naogopa damu, naogopa sindano, naogopa akina mama wanaojifungua. Niliyemkuta pale, Bwana Manyama, mganga msaidizi mzaliwa wa Musoma, hakuniuliza habari ya vitu hivyo hata kimoja. Alinikabidhi mashine ya presha ya zebaki, ile ya sanduku la bati, akakunja mkono wa shati lake.

"Binti, kabla hujamgusa mgonjwa, nipime mimi mpaka nichoke."

Nilimpima asubuhi nzima. Yeye alikuwa anapiga hadithi za samaki wa kwao, mimi nasikiliza na huku nafungua hewa. Nilipomtajia presha yake alicheka. "Umesikiliza porojo zangu, mshipa hukuusikiliza. Mgonjwa anayepimwa haongei, na muuguzi anayepima hasikilizi habari za samaki. Anza tena."

Ndivyo nilivyojifunza. Mtu akae kwanza atulie, miguu chini, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo. Na zaidi ya yote, mkanda umtoshe. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unadanganya; unakuonyesha presha kubwa kuliko iliyopo. Bwana Manyama aliufananisha na kiatu. "Kiatu kikimbana mtu atachechemea, ukadhani mguu una kidonda. Sasa wewe ukishuku kiatu, badilisha kiatu, halafu uangalie tena. Usimwambie mtu mguu wake ni mzima kabla hujambadilishia." Sehemu ya kwanza ya maneno hayo niliifundisha kwa kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu. Ya pili nadhani niliifundisha pia. Ingekuwa bora ningeiishi.

Wagonjwa wa presha wa siku zile walikuwa watu wazima, na walikuwa wabishi. Mama mmoja muuza dagaa alivisukuma vidonge vyangu pembeni kama anayekataa bei. "Mwanangu, presha yangu inaitwa Paulo. Kila akilewa inapanda. Una kidonge cha Paulo?" Nilimwambia sina, lakini ninacho cha mshipa ambao Paulo anautesa. Alifikiri kidogo, akanyoosha mkono. Kwa mama yule nikajifunza kwamba mtu hapingani na dawa. Anapingana na kuelezwa haraka haraka. Tangu hapo nikawa na desturi ya kuchora: pampu, bomba, maji. Nilichora kwenye maboksi ya dawa, kwenye mchanga nje ya zahanati, na mara moja kwenye sare ya mwenzangu, ambaye hajanisamehe mpaka leo.

Baadaye nilihamishiwa Buswelu, wakati huo kukiwa bado kuna mashamba mengi ya mihogo kuliko nyumba. Mji ulitukuta hapo hapo. Viwanja vikapimwa, nguzo za umeme zikaja, maduka ya vifaa vya ujenzi yakafuata, na nyuma ya maduka zikazaliwa jimu. Za kwanza zilikuwa za mabati, na vyuma vyake vilikuwa ekseli za magari na makopo yaliyojazwa zege. Nilifurahi. Nilidhani wanaume wa kata hii wakifanya mazoezi, kliniki yangu itapungua watu.

Haikupungua. Ilibadilika sura tu. Walianza kuja vijana wa shingo nene, wenye mikono inayoshindana na mapaja yangu, wanalalamika kichwa, kizunguzungu, moyo kwenda mbio wakati wamekaa. Wengine walikuwa na chunusi mabegani kama watoto wa darasa la saba. Ilinichukua muda kuelewa wanachojichoma kwa sindano.

Nieleze hapa taratibu, kwa sababu wengi wenu mnachanganya. Kuna steroidi tunazompa mgonjwa wa pumu au wa mzio mkali. Hizo sizo ninazozisema, msije mkamtisha mtu wa pumu akatupa dawa yake. Hizi za jimu ni homoni ya kiume, au ndugu zake waliotengenezwa kiwandani. Zina kazi yake hospitalini, kwa mgonjwa anayezihitaji, kwa kiasi anachopanga daktari. Mbeba vyuma anajichoma zaidi ya kiasi hicho, tena anachanganya na nyingine asizozijua zimetoka wapi. Na misuli inakua kweli. Tusiwaambie vijana kwamba hazifanyi kazi. Wataona wenyewe kwenye kioo, halafu hawatatuamini kwa lolote.

Shida ni kwamba moyo nao ni msuli. Msuli wa mkono ukinenepa, shati ndilo linalobana. Wa moyo ukinenepa, kinachobanwa ni chumba cha damu. Ukuta unakuwa mgumu, haulegei vizuri kupokea damu, na baada ya muda unachoka, unasukuma kidogo kidogo kama pampu iliyoingia hewa. Wakati huo huo mafuta mabaya ya damu yanapanda na mazuri yanashuka, kwa hiyo mishipa ya moyo inaanza kuziba mapema. Chembe nyekundu zinaongezeka, damu inakuwa nzito kama uji uliokaa, na damu nzito huganda kirahisi. Presha inapanda. Ndiyo maana mtaona kiharusi au shambulio la moyo kwa mtu ambaye hajaota hata mvi moja. Na mtu huyo atakuwa ndiye anayeonekana mzima kuliko wote kwenye benchi la kusubiri.

Haya yote niliyajua. Niliyaeleza kwa wageni. Nilikuwa nawauliza wale vijana bila kukunja uso, kama ninavyouliza habari za sigara. Wekeni hili akilini: msiulize, "Hutumii sindano, eti?" Swali hilo limeshajibiwa. Ulizeni, "Unatumia ipi, na tangu lini?" Wengi walinijibu. Wengine walinionyesha hata picha za vichupa kwenye simu. Nilijiona hodari.

Kisha binti yangu Kabula akaolewa na mmoja wao.

Hata hapa nitamwita Baba Joshua, kwa jina la mtoto wao, kwa sababu nilivyolelewa mimi mama mkwe hatamki jina la mkwe wake. Kwetu Usukumani mkwe na mama mkwe hawasogeleani. Hampeani mikono. Hamkai kiti kimoja. Yeye haleti mbele yako habari za mwili wake, na wewe humtazami sana. Mkikutana njiani, mmoja anapisha. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na wapo vijana wa mjini wanaoiona imepitwa na wakati. Baba Joshua hakuwa mmoja wao. Mtu mkubwa yule, mwenye jimu yake, aliyekuwa pia baunsa kwenye kumbi za starehe siku za mwisho wa wiki, akiniona kwa mbali sokoni alikuwa anaingia nyuma ya magunia ya mkaa ili nipite. Magunia hayakumtosha. Mimi nilijifanya sijamwona, na moyoni nilimpenda kwa hilo.

Siku ya ubatizo wa Joshua tulifanyia shughuli kwa wazazi wa baba yake, Kisesa, huko Magu. Wanaume walikuwa wanasimamisha turubai, jua kali, naye akavua shati ili ashike nguzo. Mgongo wake ulikuwa umejaa chunusi kuanzia mabegani mpaka kiunoni. Kifua kilikuwa kimevimba pale kinapovimba kwa msichana anayekua. Alipomaliza kuinua nguzo moja alikwenda kuegemea ukuta, mdomo wazi, akahema muda mrefu. Nguzo moja tu. Shemeji zake walimtania, "Wee baunsa, kumbe betri ya mchina!" Akacheka bila sauti, kwa sababu pumzi ya kutoa sauti hakuwa nayo.

Niliangalia upande mwingine. Mila iliniambia niangalie upande mwingine, nami nikaitii upesi kuliko ninavyotii mambo mengine.

Baada ya hapo Kabula alikuja nyumbani, akawa ananimenyea viazi. "Mama," akasema, "kuna vichupa kwenye friji. Anasema ni vitamini."

"Usipekue vitu vya mume wako," nikamwambia.

Ndivyo nilivyojibu, mimi niliyemweleza mama wa dagaa kwa michoro. Kabula akaendelea kumenya viazi.

Nafika sasa kwenye siku ambayo Sista Neema anaikumbuka. Neema, najua utasoma hapa. Kosa la siku ile lilikuwa langu, si lako.

Ilikuwa kliniki ya kawaida, mimi nyuma ya pazia napanga dawa, Neema mezani anapima. Nikasikia kiti kinalia, halafu sauti ninayoijua inaongea chini chini.

"Sista, nipime haraka. Kuna mtu hapa sitaki tukutane."

"Nani? Unadaiwa?"

"Mama mkwe."

Neema alishindwa kujizuia kucheka. "Yuko hapo nyuma ya pazia, kaka."

"Basi tunong'one." Nikamsikia anasogeza kiti mbali zaidi. "Shikamoo, mama," akasema kuelekea kwenye pazia.

"Marahaba, baba," nikajibu, nikiangalia kopo la vidonge.

"Haya, leta mkono," Neema akasema. "Huu ni mkono kweli, au umeniletea paja?"

"Chuma hicho, sista."

Mkanda ulifunguka mara ya kwanza, ukafunguka tena mara ya pili. Mara ya tatu Neema aliushikilia kwa kiganja. Kisha akapima upya, akaja kwangu nyuma ya pazia na kunionyesha karatasi. Mia na themanini kwa mia na kumi.

"Mama, imerudi vile vile."

Na hapo mimi nikaeleza. Nilieleza vizuri sana, kwa upole wangu wote, kama ninavyoeleza siku zote. Nilimwambia mkono ule ni mnene, mkanda wetu ni wa mkono wa kawaida, mkanda mdogo huzidisha, kwa hiyo presha ile tusiichukue kama ilivyo. Kila neno lilikuwa kweli. Neema aliitikia kwa kichwa, kwa heshima.

"Nikachukue ule mkubwa wodi ya wazazi?"

Mkanda mkubwa ulikuwepo. Ulikuwa kabatini, ng'ambo ya uwanja tu. Lakini niliona kinachofuata baada ya mkanda ule. Kama presha ingebaki juu, ningelazimika kutoka nyuma ya pazia na kumwuliza mkwe wangu anachoma nini. Na baada ya hilo kuna maswali mengine, mnayajua, ya korodani na ya chumbani. Uso uliniwaka moto pale pale nilipokuwa nimesimama.

"Hakuna haja," nikasema. "Mwambie apunguze chumvi, arudi mwezi ujao."

"Nimwulize habari za dawa?"

"Ni mazoezi yale. Mwache aende."

Mkwe wangu akashukuru. Aliliambia pazia, "Asante, mama," akaondoka na presha yake.

Mwezi uliofuata hakurudi, nami sikumtuma mtu. Nilijiambia ameona nafuu. Mtu akitafuta sababu ya kutomwuliza mwingine swali, hazikosekani.

Alichokuwa nacho hakikuwa nafuu. Alianza kulala ameegemea mito, halafu akawa analala amekaa kwenye kochi. Viatu vikaacha kumwingia. Watu wa jimu walidhani miguu imejaa kwa sababu ya uzito mpya aliokuwa anabeba, wakampongeza. Asubuhi moja alishindwa kumbeba Joshua kutoka mlangoni mpaka kwenye bodaboda, na Kabula akampeleka hospitali ya rufaa.

Nilipofika, alikuwa ameshapigwa eko, kile kipimo cha kuuona moyo kwa mawimbi ya sauti. Daktari, kijana wa umri wa Kabula, alinitoa pembeni kwa sababu alinifahamu. Moyo wa Baba Joshua ulikuwa umenenepa ukuta kisha ukatanuka, na sasa ulikuwa unasukuma chini ya nusu ya unavyotakiwa.

"Mama, sijapata chanzo," akasema. "Kisukari hana. Pombe anasema hanywi. Nikijua chanzo nitajua kama moyo huu unaweza kurudi. Kama kuna kitu anatumia na anaendelea nacho, dawa zangu zote ni kumwaga maji kwenye kapu."

Nilisimama nje ya mlango wa wodi, ubavuni, ili mkwe wangu asinione, na daktari akarudi kumwuliza tena.

"Kaka, kuna dawa zozote za mwili? Sindano?"

"Hapana, daktari. Mazoezi na maziwa tu."

"Maziwa gani hayo?"

"Ya ng'ombe wa kwetu Magu. Hawa wa kwenu sijui mnawalisha nini."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka, na daktari naye akatabasamu. Nami nilielewa kwamba mtu huyu atakufa akiwa anachekesha watu, kwa sababu ana haya mbele ya wodi nzima, na mbele ya mke wake, na mbele ya ule ubavu wa mlango ambapo alijua nimesimama.

Nikaingia. Nilikwenda mpaka kitandani. Kabula alishtuka, akainuka. Mumewe akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Baba Joshua," nikasema, "unachoma ipi, na tangu lini?"

Aliangalia dari.

"Mama, tafadhali toka," Kabula akasema.

"Sitoki. Ile siku ya kliniki nilikaa nyuma ya pazia. Presha yako ilikuwa juu, nami nikamwambia Neema ni mkanda. Sikuwa na hakika. Niliona haya kukuuliza. Sasa nakuuliza."

Shuka lilikuwa linapanda na kushuka.

"Tangu kabla ya harusi," Baba Joshua akasema mwishowe, akiwa bado anaangalia dari. "Mwanzoni nilikuwa napumzika katikati. Siku hizi sipumziki. Majina yako kwenye simu. Kabula anajua namba ya siri." Kisha akageuza uso ukutani. "Mama, utoke sasa."

Nilitoka. Kwenye korido Kabula alinifuata.

"Ulijua?"

"Nilihisi."

"Tangu lini?"

"Tangu ubatizo."

"Nikakwambia habari za vichupa. Nilikuja nyumbani kwako, nikakwambia!" Alikuwa ameshika chupa ya chai, anakikaza kifuniko kilichokuwa kimekazwa tayari. "Wewe unayeeleza watu mpaka wanasinzia. Mume wangu ndiye ukaona hastahili kuelezwa?"

Alikwenda kukaa benchi la mbali, na chai yake.

Hicho ndicho kisa kigumu kuliko vyote vya kazi yangu, na mnaona kwamba chenyewe hakikuwa na ugumu. Mwanafunzi wa wiki ya pili angekifanya. Angevuka uwanja, angeleta mkanda, angeuliza. Ugumu ulikuwa ndani yangu. Nawaambia hivi si ili mniadhibu. Nilishajiadhibu, na haikumsaidia mtu. Nawaambia kwa sababu nanyi mtampima ndugu, na mchungaji, na mwalimu aliyewafundisha kusoma. Siku hiyo mkijikuta mnaeleza vizuri sana kwa nini kipimo kibaya si kibaya, simameni. Mwiteni mwenzenu. Mkiona haya, semeni, "Huyu namwonea haya, mpime wewe, umwulize wewe." Hakuna atakayewacheka. Akiwacheka, nileteeni.

Nilistaafu muda mfupi baadaye. Baba Joshua aliruhusiwa na mfuko wa dawa: za kupunguza maji, za kushusha presha na kuupunguzia moyo mzigo. Sindano aliacha. Eko ya pili ilionyesha moyo umejivuta kidogo, si kama zamani, lakini nguvu yake inapanda. Daktari alisema wengine wanarudisha sehemu kubwa ya nguvu wakiacha mapema, wengine haurudi. Yeye bado alikuwa na nafasi, mradi asiguse tena. Tulishukuru Mungu kanisani kwa sauti. Kabula akaanza kunisalimia, ingawa kwa ufupi.

Kisha Baba Joshua akaja mchana mmoja, peke yake. Mimi niko uani nachambua mchele. Nilidhani amefuata kitu cha Joshua, nikainuka nimpishe aingie ndani. Hakuingia. Alivuta kigoda, akakaa mbele yangu, mbali kidogo, macho chini. Alikuwa amepungua sana. Shati la zamani lilimning'inia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kabula yuko salama?"

"Yuko kazini." Akaanza kuongea haraka, kama anayeruka shimo. "Mama, jimu wananiita pancha. Hilo nimevumilia. Lakini nyumbani pia... mimi nyumbani si mwanaume tena. Tangu niache. Kabula hasemi, ila najua. Nimeongea na jamaa yangu. Kesho ananiletea dozi ndogo tu, ya kunirudisha. Nimeona nisiende bila kusema, kwa sababu wewe uliniuliza pale wodini. Nimekuja kukwambia tu."

Mikono yangu ilikuwa ndani ya mchele, ikabaki humo. Hakuna mkwe anayemwambia mama mkwe maneno yale. Mwili wangu wote ulitaka kuinuka uende jikoni, na hata yeye nadhani alitegemea nitainuka, abaki na ruhusa ya kimya kimya. Niliona haya. Nikamwangalia usoni.

Nikamweleza. Nilimwambia kwamba korodani zake zilikuwa zinatengeneza homoni yake mwenyewe tangu ujana, na alipoanza kuileta kwa sindano, ubongo ukaona ghala limejaa, ukaziambia zipumzike. Zikasinyaa. Sasa sindano imekoma, na ghala ni tupu, na wafanyakazi bado wamelala. Ndiyo maana hana nguvu, hana hamu, na dunia imekuwa kijivu. Si uchawi na si adhabu, na Kabula hana kosa. Ni kitu kinachojulikana, na yuko daktari wa homoni anayeweza kukipima kwa damu na kumsaidia bila kuudhuru moyo. Nilitamka kila kiungo kwa jina lake. Alikuwa ameinamisha kichwa mpaka nikaona utosi.

"Inarudi?" akauliza.

"Kwa wengi inarudi, polepole, miezi, wakati mwingine zaidi. Kwa wengine lazima dawa. Siwezi kukuahidi. Lakini moyo ukiuchoma tena, huo hauna wa kuuamsha."

Kuku walikuwa wanakula mchele wangu na sikuwafukuza. Akatoa simu, akapiga. Spika yake ni mbovu, inaongea kwa wote.

"Oya, kesho usilete."

"Vipi tena? Mke amekukamata?"

"Hapana. Niko kwa mama mkwe."

Mtu wa upande wa pili alicheka mpaka akakohoa. "Kwa mama mkwe? Unafanya nini huko, we Msukuma usiye na adabu?"

"Ananieleza," Baba Joshua akasema, akakata.

Wiki ile ile tulikwenda kwa daktari wa homoni. Kabula alikuwa zamu, hivyo nilimsindikiza mimi. Benchi la kusubiri lilikuwa limejaa, imebaki nafasi moja pembeni yake, nikakaa. Bibi mmoja aliyekuwa mkabala nasi, mwenye kitambaa cheupe kichwani, alitutazama muda mrefu, akaniuliza kwa Kisukuma kama huyu ni mwanangu.

"Ni mkwe wangu," nikamjibu.

Alishika shavu. "Mkwe? Na mmekaa benchi moja?"

Baba Joshua alianza kuinuka. Nikamwambia akae. Nilikuwa na haya, bibi yule alikuwa na haki ya kutushangaa, na sikuwa na la kumweleza. Muuguzi akafungua mlango, akaita jina la mkwe wangu, lile ambalo mimi silitamki. Tukainuka, tukaingia wote wawili.